Usafi wa Mashua na Usalama wa Waliomo

Asubuhi katika mwalo wa Majanji, wakati mashua za sangara na za mukene zinaporudi kutoka ziwani, kazi hufanywa kwa haraka kubwa. Samaki hupakuliwa, hupimwa, huuzwa. Mashine hufunguliwa na kubebwa begani hadi stoo, na nyavu huanikwa. Kisha watu hutawanyika kwenda kula na kulala, na mashua yenyewe huachwa palepale, nusu majini na nusu mchangani, ikiwa imejaa magamba, damu ya samaki, maji yenye mafuta na vipande vya nyavu kuukuu. Jioni ikifika, chombo kilekile husukumwa tena ziwani na watu wanne au watano ndani yake.

Huenda msomaji akauliza: Polisi ina shughuli gani na ufagio wa mashua ya mtu? Shughuli yetu ni hii. Kila mara chombo kinapopotea, sisi na wenzetu wa upande wa pili wa mpaka ndio tunaoamshwa usiku kwenda kukitafuta. Tunaporudi hatuna budi kuuliza maswali. Mashua ilianza kuvuja lini? Nani alikuwa wa mwisho kuuona ubao ule ukiwa mzima? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyeuona kabisa, kwa sababu ulikuwa umefunikwa na tope, magamba na maji meusi kwa majuma mengi. Mtu anayeisugua mashua yake kila siku huigusa yote kwa mkono na kuitazama yote kwa jicho, na kwa hiyo ni vigumu ufa ukue bila yeye kujua. Kwetu sisi kusafisha chombo na kukikagua ni kazi moja, nasi tutaieleza hivyo katika makala haya.

Wakazi wa mpakani wana sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanywa baina ya Uganda, Kenya na Tanzania. Mpaka wetu na Kenya huingia ziwani penye mdomo wa Mto Sio, si mbali na Majanji. Ule wetu na Tanzania hufuata mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta, kiasi kwamba mvuvi wa Kasensero akitazama kusini, anatazama nchi nyingine. Majini hakuna nguzo wala uzio. Mashua iliyozimika mashine, au iliyoingiwa na maji hadi ikashindwa kwenda, huchukuliwa na upepo. Kukipambazuka watu hujikuta katika maji ya nchi jirani, hawana hati, wana samaki na nyavu, na askari wa huko wanataka maelezo. Katika mambo ya namna hiyo tunayoyashughulikia, si kila mtu aliyevuka alikusudia kuvuka. Wako waliovushwa na bomba la mafuta lililoziba au na ubao uliooza.

Mashua nyingi za ziwa letu ni za mbao, za umbo linaloitwa la Ssese kwa jina la visiwa vya Ssese. Zina mkuku mrefu chini, mbao zinazopanda pande mbili, na mataruma, yaani mbavu, yanayozishika mbao hizo kwa ndani. Katika maungio ya ubao na ubao mafundi hukalafati kwa pamba, na juu ya pamba wengi hupigilia ukanda wa bati. Chombo cha namna hii huharibiwa na unyevu usiokauka kuliko kinavyoharibiwa na mawimbi. Ubao ulio mkavu daima hauozi. Ulio chini ya maji daima nao hauozi upesi, kwa kuwa hewa huko ni haba na kuvu inayoozesha mbao inahitaji hewa. Unaooza ni ule ulio katikati: haukauki, wala haufunikwi na maji moja kwa moja. Ndani ya mashua sehemu ya namna hiyo ni kubwa, na uchafu huifanya kuwa kubwa zaidi, kwa sababu ute wa samaki, magamba na tope hulala juu ya mbao mithili ya kitambaa kilicholowa. Jua la mchana kutwa haliwezi kukausha ubao uliofunikwa hivyo. Hata mvule, mti ambao mafundi wetu wanausifu kuliko yote, haustahimili hali hiyo kwa miaka mingi.

Sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji yote hutiririkia, mabaharia wa pwani huiita ngama. Neno hilo halisikiki sana katika mialo yetu, ambako wengi husema "chini" tu, lakini tungependa lienee, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo wakaguzi wetu huitazama kwanza. Tuchukue mashua ambayo sakafu yake ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1. Maji ya kina cha sentimita 10 juu ya sakafu hiyo ni lita 400, sawa na madumu 20 ya lita 20, na uzito wake ni kilo 400. Ni kana kwamba watu wazima sita wamepanda bila kuonekana. Tena watu hao hawatulii. Mashua ikiinama kidogo upande wa kushoto, abiria wenye akili huegemea kulia, lakini maji hukimbilia kushoto na kuizidisha kuinama. Wimbi linalofuata likiipiga katika hali hiyo, hakuna nahodha awezaye kufanya mengi. Kwa hiyo tunapowaambia watu wakumbe maji yaishe kabisa kabla ya kuondoka, na wasiseme kwamba yaliyobaki ni machache, tunafikiria hesabu hii.

Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilipozama karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Polisi ilieleza siku zile kwamba chombo kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi na kwamba hali yake yenyewe ilikuwa mbovu. Hatutaki kusema kwamba ufagio ungewaokoa watu wale. Tunachosema ni kwamba ubovu wa chombo huanza mahali padogo, na mahali hapo huonekana mapema na mtu mwenye desturi ya kupatazama.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Samaki wakishateremshwa, kila kitu kitolewe ndani ya mashua: nanga, kamba, madumu, mbao za kukanyagia. Wengi huacha mbao za kukanyagia mahali pake na kumwaga ndoo mbili za maji juu yake. Hiyo ni sawa na kufagia juu ya mkeka bila kuuinua. Uchafu mgumu, yaani matumbo, magamba, nyuzi za nyavu na mifuko ya plastiki, uokotwe kwa mkono au kwa koleo dogo na kutiwa ndooni, upelekwe nchi kavu, usisukumwe majini. Matumbo na magamba yafukiwe mbali kidogo na maji, kwani yakiachwa ufukweni huleta nzi, na nzi hao ndio wanaotua baadaye juu ya mukene walioanikwa.

Kabla ya kuyakumba maji yaliyo katika ngama, yatazameni. Maji hayo ni shahidi mzuri. Yakiwa na rangi nyekundu na harufu ya samaki, ni ya kazi ya usiku. Yakiwa na utando unaong'aa rangirangi, kuna mafuta yanayovuja mahali fulani, nayo yatafutwe siku ileile. Yakiwa mengi na safi, ziwa linaingia. Nahodha mmoja mzee ana desturi ya kuhesabu makopo anayoyakumba kila asubuhi, na hesabu hiyo huiandika kwa chaki kwenye ubao wa tezi. Makopo 15 leo, 15 kesho, 16 keshokutwa, hana wasiwasi; siku yakifika 30, mashua haiendi popote mpaka fundi aje. Kati ya mbinu zote tulizopata kuziona, hatujui iliyo rahisi kuliko hiyo, nayo haigharimu hata shilingi moja.

Maji yakiisha, isugueni mashua kwa brashi ngumu ya katani au ya nyuzi za nazi, mkianzia omo na kushuka hadi tezi, mkifuata ubao mmoja mmoja. Mchanga usitumike, kwa maana unakwangua rangi, na ubao usio na rangi hunywa maji. Sabuni kidogo inatosha, na mahali pengi haihitajiki kabisa. Chini ya kila taruma fundi huacha kitundu cha kupitishia maji ili yote yafike pale yanapokumbwa. Vitundu hivi huziba kwa magamba, na kila kilichoziba huzuia maji nyuma yake yasitoke milele. Vizibueni kwa kijiti kila siku. Hapo ndipo mashua nyingi zinapoanza kuozea, nasi tumekuta mataruma ambayo kwa juu yalikuwa magumu kama jiwe, lakini kwa chini yalichimbika kwa ukucha. Mwisho, suuzeni, pangusieni kitambaa, iinamisheni mashua kidogo ili masalio ya maji yakimbilie upande mmoja, na mbao za kukanyagia ziachwe zimeegemezwa pembeni zikauke.

Baada ya saa moja hivi, mtu arudi atazame. Mbao zilizo nzima zitakuwa zimeanza kukauka kwa pamoja. Palipobaki pamelowa wakati pengine pamekauka ndipo penye kasoro, hata kama ufa hauonekani kwa macho. Pawekwe alama ya chaki. Kazi yote hii, kwa watu wawili, haizidi nusu saa, na ile ya saa moja baadaye ni ya dakika tano.

Hapa hatuna budi kutaja ugonjwa wa kichocho, ambao upo katika fukwe nyingi za ziwa hili. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono waishio kwenye maji ya kina kifupi penye majani, na huingia mwilini kupitia ngozi ya mtu aliyesimama majini. Ni hivyohivyo wanavyosimama vijana wetu wanapoosha mashua: maji hadi magotini, kwa muda mrefu, kila siku. Ni afadhali mashua ivutwe nchi kavu. Mwenye uwezo avae mabuti ya mpira, au atumie maji yaliyotekwa na kukaa katika pipa siku mbili, kwani vijidudu hivyo havidumu zaidi ya muda huo bila kumpata mtu. Wasio na pipa wachague mahali pasipo na majani, na wasiwatume watoto. Dawa ya kichocho ipo, na wanaofanya kazi majini waiulizie katika vituo vya afya.

Kuhusu petroli tunasema kwa mkazo zaidi, kwa sababu uzembe mmoja hapa huweza kuangamiza watu wote chomboni kwa dakika chache. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, hushuka na kutulia katika ngama, chini ya mbao za kukanyagia, ukingoja cheche. Wanaovua mukene huwasha taa usiku, wengine huvuta sigara, wengine hupika chai kwenye jiko dogo katikati ya ziwa. Kwa hiyo mafuta yaliyomwagika yapanguswe mara moja kwa matambara, na matambara hayo yasirudishwe chini ya kiti. Wako wanaotumia petroli kuondolea grisi na lami kwenye mbao. Desturi hiyo ikomeshwe. Dumu la petroli liwe na kifuniko chake halisi, si kipande cha mfuko wa plastiki, na lisifanane na dumu la maji ya kunywa. Tumesikia mara nyingi mno habari za mtu aliyekunywa lisilo lake gizani. Maji yenye mafuta yasimwagwe ziwani, kwa maana upande wa pili wa mwalo uleule kuna mama anayeteka maji ya kupikia.

Usafi wa mashua una bei yake sokoni pia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria wasiingie katika masoko yake, baada ya habari kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Waliokuwapo mialoni wakati huo wanajua jinsi bei ya sangara ilivyoanguka, na jinsi waliovua kwa uaminifu walivyoumia pamoja na wale wachache. Tangu hapo wanunuzi wa viwanda vya minofu wamekuwa wakali juu ya barafu, juu ya masanduku na juu ya mashua yenyewe. Samaki aliyelazwa juu ya mbao zenye damu ya juzi huanza kuharibika kabla hajafika mwaloni. Madumu ya dawa za mashambani yasipakiwe kabisa katika chombo cha samaki, hata yakiwa matupu, hata kwa safari fupi ya kuvuka kumpelekea ndugu upande wa pili.

Mara moja kwa mwezi, wengi huchagua siku za mbalamwezi ambapo mukene hawafuati taa vizuri, kazi iwe ndefu zaidi. Mashua igeuzwe ubavu, na utando wa kijani wa mwani ulioota kwa nje uondolewe. Utando huo huonekana mwepesi, lakini huishika mashua majini, na mashine hulazimika kunywa petroli zaidi kwa safari ileile. Mashine nayo ipanguswe chumvi za jasho, oili na uchafu. Itazamwe hasa propela: nyuzi za nyavu zikijizungusha kwenye mhimili wake hukata mpira unaozuia maji, na maji yakiingia, oili ya gia hugeuka nyeupe kama maziwa. Anayeiona rangi hiyo ajue kwamba mashine inaelekea kufa, pengine katikati ya ziwa. Vivyo hivyo na kile kijito cha maji kinachoruka nyuma ya mashine inapofanya kazi. Kijito hicho ndicho kinachoonyesha kwamba mashine inapoozwa; kikikonda au kikikatika, majani au plastiki yameziba njia, na mashine izimwe mara moja kabla haijaungua.

Majaketi ya kuokolea maisha husahaulika katika usafi, na pengine hilo ndilo linaloyafanya yachukiwe. Mtu hataki kuvaa kitu kinachonuka samaki na kuvu. Yafuliwe kwa maji na sabuni kidogo, yakaushwe kivulini, yatundikwe mahali pasipo na panya. Yasitumiwe kuwa viti wala kuwa ngazo ya kubebea mashine, kwa sababu yakigandamizwa kila siku hupoteza uwezo wa kuelea. Wakati wa kuyafua, kamba na vifungo vyake vijaribiwe kwa kuvutwa kwa nguvu.

Kisha kuna namba. Namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni mwa mashua huoshwa kwanza na kupakwa rangi upya inapofifia, na isomeke kutoka mbali. Tunajua wako wanaoiacha ifunikwe na uchafu kwa makusudi, lakini walio wengi huiacha kwa uvivu tu, na wote wawili hutiliwa shaka sawasawa. Mashua yenye namba inayosomeka, ikikutwa imechukuliwa na upepo hadi ng'ambo, ujumbe mmoja kati ya maafisa wa pande mbili hutosha kujua ni ya nani na ya mwalo gani. Isiyosomeka hukaa kizuizini huku watu wakitafutana. Namba ya mashine, iliyochongwa kwenye mwili wake, nayo isafishwe hadi isomeke, na mwenyewe ainakili katika daftari linalobaki nyumbani. Mashine huibwa sana katika ziwa hili, na huvushwa mpaka upesi. Tunapoikamata mashine na mwenyewe hana namba wala risiti, tunabaki na mali ambayo hatuwezi kuithibitisha kuwa ni ya yeyote.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za mwisho wa mwaka, mashua ivutwe juu kabisa kwa siku kadhaa. Wakati huo fundi huchoma maungio kwa ncha ya kisu. Ubao mzima hukataa. Uliooza hupokea kisu kama embe bivu. Misumari iliyoshika kutu hung'olewa, kwani kutu hula mbao zinazouzunguka msumari hadi tundu likapanuka na msumari ukalegea. Kanda za bati ziinuliwe zitazamwe chini yake, jambo ambalo mafundi wavivu hawalipendi, maana bati huficha uozo kwa ustadi mkubwa. Pamba iliyochakaa itolewe na kutiwa mpya, na rangi ipakwe mbao zikiwa kavu kwelikweli. Lakini mashua isiachwe kwenye jua kali majuma mengi, kwa sababu mbao husinyaa na maungio hufunguka. Iwekwe kivulini au ifunikwe kwa makuti na nyasi, na ikirudishwa majini ilazwe siku moja pwani ikiwa tupu, mbao zivimbe na kubana, kabla ya kubeba mtu. Wenye mashua za faiba wasidhani kwamba wamesalimika. Nyufa zake ni nyembamba, na maji huingia ndani ya ukuta wenyewe, chombo kikawa kizito bila sababu inayoonekana.

Wanaosafirisha mashua kwa lori kutoka ziwa moja hadi jingine wana wajibu wa ziada. Magugu maji yalianza kuonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yalifunga bandari na mialo katika nchi zote tatu. Kipande kidogo cha mmea huo kilichonasa kwenye nyavu au kwenye propela hutosha kuanza upya mahali pengine. Chombo kisuguliwe na kukaushwa kabla ya kupakiwa, si baada ya kufika.

Tumeyaeleza haya yote tukijua swali litakaloulizwa mialoni: nani atayafanya? Mashua nyingi si za wanaozipanda. Mwenye mali anaishi mjini, huja mwisho wa juma kuchukua hesabu; mabaria, kama wanavyoitwa kwetu, hubadilika kila baada ya miezi michache, na hulipwa kwa mgawo wa samaki waliopatikana. Katika mpango huo kusafisha hakuna malipo, wala anayesafisha leo hana hakika kwamba kesho atakuwa katika mashua ileile. Kumlaumu kijana aliyekesha ziwani kwamba ni mvivu ni kutomtendea haki. Kwa maoni yetu mzigo huu ni wa mwenye mashua. Nusu saa ya asubuhi ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi na ilipwe, hata kwa kiasi kidogo, na nahodha apewe mamlaka ya kusema mashua haitoki. Bei ya brashi, pamba na kopo la rangi ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mashine moja iliyozama. Viongozi wa mwalo wanaweza kukubaliana juu ya saa moja ambayo mashua zote zitaoshwa pamoja. Pale ambapo desturi hiyo ipo, aliyeiacha yake chafu huonekana na kila mtu.

Baharia anayelazimishwa kwenda ziwani katika chombo anachokijua kuwa kinavuja ana haki ya kukataa. Akitishiwa kunyimwa mgawo wake wa siku zilizopita kwa sababu hiyo, aje katika kituo cha polisi kilicho karibu na mwalo wake, mchana au usiku, na asisubiri hadi mashua irudi. Tutamsikiliza, tutamwita mwenye mali, na tutakwenda pamoja nao wote wawili hadi ufukweni kuitazama ngama ya mashua hiyo.